Creon Hakuwa Mjinga

Mchezo wa kuigiza hapa Kolwezi, Kongo, huja na jibu lake mfukoni. Shirika linaleta mada: kipindupindu, uchaguzi, watoto walioacha shule wakaenda kuosha mawe mtoni. Linatoa nauli, fulana na soda. Sisi tunatunga kisa kifupi ambamo baba mlevi anakosea, mama mwenye busara anamwonya, na mwishoni anatokea muuguzi au mwalimu kuwaeleza watu wote, wa jukwaani na wa uwanjani, kipi kifanyike. Makofi, fulana, tunapanda gari. Kazi hiyo imenilisha miaka mingi na siidharau. Kipindupindu kinaua kweli, na nimewaona akina mama wa Dilala wakirudi nyumbani wakibishana juu ya maji ya kuchemsha. Lakini mwigizaji anayefanya hivyo mwaka nenda mwaka rudi huota sugu. Ukimpa mtu wa kuigiza, swali lake la kwanza ni hili: huyu mbaya au mzuri?

Sugu hiyo niliiona vizuri tulipoanza mazoezi ya sehemu moja ya Antigone, tamthilia ambayo Sophocles aliitoa Athens karibu mwaka 441 kabla ya Kristo. Wazo lilikuwa la msichana aliyemaliza sekondari katika tawi la Kilatini na falsafa. Shuleni alikuwa amesoma Antigone ya Kifaransa, ya Jean Anouilh, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1944 Wajerumani wakiwa bado wameushika mji. Alitaka kuwa Antigone, bila shaka. Mimi nikasema turudi kwa Sophocles mwenyewe, kwa ajili ya wazee wake wa kwaya na mlinzi wake, na tucheze kwa Kiswahili cha hapa hapa. Sophocles si mgeni wa jana katika Kiswahili. Samuel Mushi alitafsiri Mfalme Edipode, na Oxford wakakichapa mwaka 1971. Ila Kiswahili kile ni cha Tanzania, na waigizaji wangu wawili hawakupenda kusoma kabisa, kwa lugha yoyote.

Kwa hiyo njia tuliiazima Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo, ambalo Katanga nzima ililijua kwa redio na televisheni, halikuhitaji maneno yaliyoandikwa. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwafuata wakitengeneza mchezo mmoja kutokana na msemo kwamba mamlaka huliwa nzima. Walikaa wakaujadili msemo, wakapanga nani anaingia lini na anataka nini, kisha kila mmoja akasema kwa kinywa chake, na mazoezi yakaendelea kuyanoa maneno. Mchezo ule ulihusu mtemi na kijiji chake. Nilikuwa nikiufikiria kila Creon alipofungua mdomo.

Nikawasimulia kisa. Eteocles na Polynices, watoto wa Oedipus, wanagombea ufalme wa Thebes. Polynices anakwenda ugenini, anarudi na jeshi la wageni kuushambulia mji aliozaliwa. Ndugu hao wawili wanauana siku moja, langoni. Creon anashika utawala, anamzika Eteocles kwa heshima zote, na anaamuru kwamba Polynices asizikwe wala asililiwe, atakayemgusa atakufa. Dada yao, Antigone, anakwenda kumzika.

Nilikuwa sijamaliza. Fundi mstaafu wa kampuni ya migodi ya Gécamines, aliyekuja kuwa mmoja wa wazee wa kwaya, akanikatiza: "Ule Polynices ni Tigre."

Kolwezi haihitaji zaidi ya hapo. Mei 13, 1978, wapiganaji wa FNLC, ambao hapa wanaitwa Tigre, waliuteka mji huu. Walitoka Angola, wakapitia Zambia, na wengi wao walikuwa wana wa Katanga, kizazi cha wale askari waliokimbilia ugenini baada ya Katanga kushindwa kujitenga mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mei 19 askari wa miavuli wa Ufaransa walirushwa kutoka angani. Waliokufa ni mamia, weusi na weupe, na wazee bado wanasimulia maiti zilizolala barabarani juani na mbwa waliokuwa wakizizunguka. Katika Sophocles pia ni mbwa na ndege. Fundi wetu alisema anajua nyumba iliyokuwa na mtoto mmoja humu mjini na mwingine kwa Tigre, na akaongeza kwamba hatatuambia ni nyumba ya nani.

Sasa Creon. Tulimpa kijana mwenye sauti nzito, mwepesi wa kuchekesha. Siku ya pili alikuja na miwani ya jua, kitambaa tumboni chini ya shati, simu mbili mkononi na mdogo wake nyuma akimbebea begi. Akatembea hatua tatu tu, ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Kila mtu alimtambua. Kila mtu alikuwa na jina la mheshimiwa wa kumpachika. Tulicheka jioni nzima. Kisha Antigone akaletwa mbele yake, na hapakuwa na kitu. Msichana alisema maneno makali kweli, juu ya sheria za miungu ambazo hakuna mfalme aliyeziandika, nayo yakaanguka chini kama yalivyo. Ukimfanya Creon kikaragosi, Antigone anabaki akishindana na kikaragosi, na hilo halihitaji ujasiri. Mtoto yeyote wa Manika anaweza kumzomea mheshimiwa mwenye kitambi cha kitambaa.

Kijana wetu hakuwa mvivu. Alifanya alichofundishwa: alimtafuta mbaya wa mchezo, akampata, akatuonyesha. Nilimwomba aweke miwani pembeni, akae kwenye kiti, na aitetee amri ile mbele ya wazee wa kwaya kama yeye mwenyewe, bila kuigiza. Alisitasita. Halafu akaanza, taratibu, kwa maneno ambayo nayaandika hapa kadiri ninavyoyakumbuka: mji umetoka vitani jana, kila nyumba ina maiti, nusu ya watu wana ndugu upande ule. Mwenye kuleta jeshi na mwenye kufa akilinda lango, nikiwapa kaburi la namna moja, mama wa yule aliyelinda nitamwambia nini? Na kesho nani atalinda?

Fundi mstaafu alikuna kidevu. "Hilo ni swali," akasema.

Tangu siku hiyo Creon alikaa. Miwani hakuirudia tena, wala hakuna aliyemkataza. Amri alizitoa kwa Kifaransa, kama zinavyotolewa, na alipomgeukia Antigone alishuka kwenye Kiswahili. Hapo ndipo akina mama wa kwaya waliponifundisha jambo nililokuwa nimelisoma bila kulipa uzito. (Kwaya ya Sophocles ni wazee wanaume watupu, yetu iliwachanganya, maana msiba bila akina mama hakuna wa kuuamini.) Creon ni kaka yake Jocasta, na Jocasta ndiye mama wa watoto hawa. Basi Creon ni mjomba. Na kwa makabila yetu mengi yanayofuata ukoo wa mama, Wasanga na Wandembu kwa mfano, mjomba si ndugu wa kuja kusalimia tu Krismasi. Mtu akifa, mjomba ndiye anayesubiriwa. "Mjomba njo wa kuzika," mama mmoja alisema, "na huyu anamkatalia mtoto wa dada yake?" Creon akamtazama Antigone kwa macho mengine. Amri ile ile, maneno yale yale, lakini sasa ilikuwa inamgharimu.

Watu wakiniuliza kwa nini ninamtetea mtawala, huwatajia mambo mawili. Sophocles mwenyewe alikuwa mtu wa serikali: alikuwa mmoja wa watunza hazina ya Athens na washirika wake mwaka 443, na miaka michache baadaye akawa jemadari pamoja na Pericles katika vita vya Samos. Alijua meza ya Creon ikoje. La pili, wafungwa wa kisiasa wa Robben Island walipoicheza tamthilia hii gerezani, Nelson Mandela hakuwa Antigone. Alikuwa Creon, na ameeleza hivyo katika kitabu chake cha maisha. Mtu aliyefungwa na akina Creon alikubali kusimama mahali pa Creon akaona dunia inaonekanaje kutoka pale. Kumwelewa hakukumfanya akubaliane naye, na Sophocles naye hakubaliani naye. Kabla ya mwisho, Creon anapoteza mwana na mke. Ila hapotezi kwa sababu alikuwa mjinga. Alianza na hoja, akaishikilia hata ilipokwisha kuoza mkononi.

Mlinzi ndiye aliyetupa uhai. Kwa Sophocles ni askari asiye na jina anayeleta habari kwamba kuna mtu ameifunika maiti kwa udongo. Anaingia akijikokota. Anaeleza alivyokuja polepole, alivyosimama njiani, alivyogeuka, roho moja ikimwambia nenda, nyingine ikimwambia unakwenda kufa. Anasema walipiga kura nani alete habari, na yeye, mwenye bahati yake, ndiye aliyeangukiwa. Anasema yote isipokuwa habari yenyewe. Kijana aliyeichukua sehemu hii analinda bohari usiku. Ndiyo kazi inayomlisha. Sikumwelekeza kitu. Aliingia na kofia mkononi, akasimama mbali kidogo kuliko ilivyolazimu, na kila sentensi akaianza na "Chef". "Chef, si mie. Chef, mi nilikuta tu ile udongo, iko juu yake." Kila Creon aliposogea, naye alirudi nyuma hatua ile ile, bila kutazama miguu. Hilo halifundishwi, ni la mtu aliyekwisha kupeleka habari mbaya kwa bosi.

Aliuliza maswali ambayo profesa hangeuliza. Walikaa wapi usiku ule? Nikamwambia: Sophocles anasema walikaa juu ya kilima, upande upepo unakotoka, ili harufu ya maiti isiwafikie. Akatikisa kichwa, alijua. Walifanya nini ili wasilale? Walitukanana, kila mmoja akimwamsha mwenzake kwa maneno makali. Akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu, alisema, ndivyo ilivyo, ndivyo ilivyo kabisa, na huyu mzungu alijuaje? Nikamwambia si mzungu wa aina unayofikiri, na nikawasimulia habari za Laurion.

Athens ilikuwa mji wa machimbo. Hili halisemwi sana darasani. Fedha ya Laurion, kusini mwa Attica, ndiyo iliyoulipia mji merikebu zake: mwaka 483 ulipopatikana mshipa mkubwa, Themistocles aliwashawishi raia wasigawane pesa bali wajenge merikebu za vita, na miaka mitatu baadaye merikebu hizo zikawashinda Waajemi Salamis. Aeschylus, katika Waajemi, aliitaja fedha hiyo jukwaani kuwa ni hazina ya ardhi yao. Waliokuwa chini ya ardhi walikuwa watumwa, maelfu kwa maelfu. Nicias, tajiri na jemadari, inasemekana alikuwa na watumwa 1,000 aliowakodisha machimboni, oboli moja kwa kichwa kwa siku. Nicias huyo huyo alisifika kwa kugharimia maonyesho ya kwaya. Ukumbi ulinyamaza kidogo. Msichana wetu wa Kilatini akauliza kama kuna tamthilia yoyote ya Kigiriki yenye mchimbaji ndani yake. Katika zile chache zilizotufikia, hakuna hata moja ninayoikumbuka. Mlinzi yupo, mjumbe yupo, mchungaji yupo, mlezi wa watoto yupo. Aliyekuwa shimoni hayupo.

Sisi kwetu angekosekana vipi? Ukitupa jiwe Kolwezi linaangukia mtu mwenye ndugu mchimbaji, wale tunaowaita creuseurs. Kasulo watu walichimba hadi sebuleni mwao baada ya kobalti kugunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014. Juni 2019 ukingo wa shimo la KOV uliporomoka ukaua zaidi ya wachimbaji 40. Nilikuwa nimejiapiza nisiiingize habari hiyo katika mchezo, maana tungerudi kule kule kwenye mahubiri. Lakini iliingia yenyewe, kupitia kwa yule mama aliyesema juu ya mjomba. Msichana alikuwa akifanya mazoezi ya kuifunika maiti, ambayo kwetu ilikuwa gunia lililojazwa nyasi, na alirusha udongo kama anayewamwagia kuku mtama. Mama akainuka, akamshika kifundo cha mkono. "Mwanangu, ule ni kaka yako. Inama." Akamwonyesha: unapiga magoti, unachota kiganja kimoja, unakishusha hadi karibu kuigusa nguo, kisha unaachia udongo upite kati ya vidole, wenyewe, bila kutupa. Vumbi linalobaki mkononi halipanguswi. Alifanya hivyo mara moja tu na akarudi kukaa. Tulitumia udongo mwekundu wa nje ya ukumbi. Ule wa kijivu wa mabaki ya kiwandani ulionekana kama majivu. Mazoezi yaliisha mapema siku hiyo.

Kulikuwa na tatizo la birika. Sophocles anasema Antigone aliimwagia maiti maji ya tambiko mara tatu, kutoka katika birika la shaba iliyofuliwa vizuri. Nikadhani hapo tumefika. Nchi hii sasa ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, na malori yenye vibamba vyake yanapita hapa mchana na usiku kuelekea Kasumbalesa na bahari. Tulizunguka soko zima. Birika la plastiki la kijani, la plastiki la buluu, la aluminiamu, la chuma kilichopakwa rangi na maua ya waridi. La shaba hakuna, na mwenye duka mmoja alituuliza la shaba ni la nini. Mwishowe tulimwendea fundi anayegonga picha za shaba za kutundika ukutani, swala na wanawake wenye mitungi. Alikuwa amechora mitungi ya shaba maisha yake yote na hakuwahi kutengeneza mmoja. Alitutengenezea kwa bei ya picha mbili. Ulikuwa umekwenda upande na ulivuja kwenye mshono, ila maji yalipotoka yalitoa sauti ambayo plastiki haina.

Hii si mara ya kwanza kwa habari za kwetu kufika jukwaani, na kwingine zimefika kwa kiwango kikubwa kuliko chetu. Januari 2024 jumba la opera la Geneva lilionyesha Justice, muziki wa Hèctor Parra, uongozi wa Milo Rau, maneno ya Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi. Inasimulia ajali ya Februari 2019 pale Kabwe, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, lori la asidi lilipogongana na basi na zaidi ya watu 20 wakafa. Serge Kakudji, mzaliwa wa Kolwezi, aliimba humo. Rau ndiye aliyewahi kuwapeleka Orestes na Clytemnestra hadi Mosul mwaka 2019. Naiheshimu kazi ile, hasa kwa kutaja wazi kwamba wafiwa wana madai. Ila mtazamaji wa Geneva anatoka akijua nani alaumiwe, nasi tulikuwa tukijaribu kujizoeza kukaa bila kujua, angalau kwa dakika 40.

Umeme ndio uliotuamulia saa ya onyesho. Waya wa Inga unaishia hapa Kolwezi; unasafiri kilomita 1,700 kutoka kwenye maporomoko ya mto Kongo, tangu mwaka 1982, ili migodi ifanye kazi, na bado mitaa inalala gizani. Mazoezi ya jioni tulimalizia kwa tochi za simu, kila mtu akimulika uso wa anayesema. Nikawaambia Wagiriki walicheza mchana kweupe, wakaona ni uongo wa kuwatuliza. Ni kweli. Tukacheza Jumapili baada ya misa ya pili, kwenye ua wa kanisa, malori yakinguruma nyuma ya ukuta.

Watu walimpenda mlinzi tangu alipotokea. Alipowaeleza jinsi walivyopiga kura, vijana wa nyuma walimwitikia "Chef!" kwa pamoja, naye akawasubiri wamalize, fundi kabisa. Aliporudi mara ya pili akiwa amemshika Antigone mkono, bado walikuwa wakicheka. Kisha akasema lile ambalo Sophocles amempa aseme: kwamba kumtia rafiki mashakani kunauma, lakini mtu huanza na usalama wake mwenyewe. Alilisema bila uchungu wowote, kama anayetaja bei ya mkate. Kicheko kikakatika upande mmoja wa ua, kikaendelea kidogo upande wa pili, kikafa. Creon alikuwa amekaa. Antigone alisimama mbele yake na vumbi jekundu kiganjani. Wazee wa kwaya walitazama viatu vyao, na fundi mstaafu, ambaye hakuwa na la kusema mahali pale, alifungua mdomo akaufunga.

Tuliishia pale anapohukumiwa. Hakukuwa na muuguzi wa kuja kueleza. Mwalimu mmoja kijana akanyoosha mkono akauliza ujumbe ni upi. Nikamwambia mchezo umekwisha. Hakuridhika, na hakuwa peke yake. Mama mmoja alitaka kujua kama msichana anapona, mwingine akasema mjomba wa namna ile ukoo unamkalisha chini, na mwanamume mwenye koti la Jumapili akasema hapana, Creon ana haki, bila hofu mji haukai. Wakaanza kubishana wao kwa wao, wakatusahau.

Ndipo mzee mmoja, mgeni kwetu, akasema kutoka kwenye benchi: "Mwaka 1978 tulizika wale tuliowakuta. Hakuna aliyeomba kitambulisho. Ile harufu haikuwa na chama."

Creon wetu, aliyekuwa bado kitini na bado upande wa mtu wake, akamuuliza: "Na wakubwa, papa? Wao walisemaje?"

"Wakubwa?" Mzee akamwelekeza mlinzi kwa kidole. "Muulize huyu. Wakubwa siku zote wanakaa upande upepo unakotoka."

Mlinzi alicheka kuliko wote, na yule mwenye koti akasimama kujibu.